Pimbi na Kiatu Kisichoteleza

Zamani za kale sana, wajukuu zangu, nchi za wanyama zilishikwa na homa ya kubuni vifaa vya michezo. Nchi ya Nyati ilileta bangili ya kuhesabu mapigo ya moyo wa mkimbiaji. Nchi ya Tembo ikajibu kwa mpira unaolia ukivuka mstari wa goli. Aliyebuni alikwenda kwa Kasuku, akadai mbele ya watu kwamba kitu ni chake, na Kasuku akalitangaza jina lake nchi zote. Tangu hapo, mwingine akitaka kutengeneza kitu hicho, sharti amwombe mwenyewe ruhusa.

Ila desturi ilisema: adaiye ndiye ajaribuye mwenyewe. Kikikushinda, dai lako limekufa.

Pimbi hakuwa na nchi. Alikuwa na jabali lake, wanawe, na miguu inayonata mwambani hata mvua ikinyesha. Aliichunguza miguu hiyo, akapika utomvu wa mbungo, ule unaovutika kama mpira, kwa majivu, akashindwa, akapika tena, hadi akapata soli isiyoteleza. Kichwa kile kidogo, jamani!

Habari zikamfikia Tembo. Akamtuma Nyani akachungulie dirishani kwa Pimbi, ili yeye Tembo awahi kudai.

Pimbi akauona mkia unaning'inia. Akajua ni Nyani, katumwa na Tembo. Tembo akitangulia, yeye na wanawe watapiga magoti kuomba ruhusa ya kuvaa viatu vyao wenyewe.

Hakumfukuza. Alifunika majivu, akashusha mtungi wa asali, akaimimina kwenye utomvu, bwii, huku akijisemea kwa sauti kwamba asali ndiyo siri ya kunata. Nyani akaondoka mbio, chakacha-chakacha mitini, hadi kwa bwana wake.

Kulipokucha, Pimbi alimkuta Tembo kwa Kasuku, chini ya jabali, keshadai, viatu viko miguu yote minne, vinang'aa.

"Umechelewa, binti," Tembo akamwambia. "Siku hizi anayewahi kusema ndiye fundi."

"Nimekuja kujifunza tu, mzee wangu. Lakini jabali limelowa. Mwachie kijana wako mmoja avae, apande yeye."

"Adaiye ndiye ajaribuye! Unanifundisha desturi, wewe?"

Akapanda. Hatua ya kwanza, nata! Watu wake wakapiga vigelegele. Hatua ya pili, maji yakaiyeyusha asali. Pororororo, puu! Tembo matopeni, miguu juu. Na nyuki nao wakaja kudai chao, vuuu!

Kasuku akauliza kama kuna mwingine. Pimbi akavaa vyake, akapanda, tapu tapu tapu, hadi kileleni, akacheza ngoma huko juu kwenye utelezi. Nyati, asiyewahi kusifu kitu cha nchi nyingine, akainama. Kasuku akalitangaza jina la Pimbi kila pembe.

Tembo, sikio limemvimba, akacheka.

"Binti, umeniweza. Mimi nawe, nani mkubwa sasa? Basi naomba ruhusa."

"Omba vizuri, mzee wangu. Wanangu wanasikiliza."

Tembo akapiga magoti, akaomba.

Wajukuu zangu, mwizi wa ujuzi huondoka na alichoonyeshwa tu.