Mizinga ya Mashemeji

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Mtaimeza?
— Ikiwa tamu!

Basi tulieni, mko na bingwa. Na wewe wa nyuma, mbona unalamba vidole? Nakuona.

Hapo kale Masunga alikuwa na mzinga wa nyuki juu ya mti. Shemeji yake Lubinza alikuwa na wake, ng'ambo ya kijito. Katikati yuko Nyamizi: mke wa Masunga, dada wa Lubinza.

Asali ikaanza kuibwa. Huku inaibwa, kule inaibwa.

Akaja Nyegere, yule mnyama mfupi wa mgongo mweupe. "Masunga, nimemwona Lubinza mzingani kwako. Mimi simo, nimeona tu."

Akavuka kijito. "Lubinza, nimemwona Masunga mzingani kwako. Mimi simo, nimeona tu."

Huku panga likanolewa. Kule panga likanolewa.

Akamwendea Nyamizi. "Dada, kesho watakatana. Mimi simo, nimeona tu."

"Na wewe mzingani ulifuata nini?"

Nyegere akacheka, akajikuna, akaenda zake.

Nyamizi akabaki anawaza. Amzike mume au amzike kaka? Akamwambia mumewe: "Usimkate bure. Alfajiri jifiche chini ya mzinga wake. Atarudi na asali yako. Mkamate nayo mkononi, ukoo wote uone."

"Hapo umesema!"

Akakimbia kwa Lubinza. "Kaka, usimkate bure. Jifiche chini ya mzinga wake." Maneno yale yale. Mwanamke huyo, acheni!

Alfajiri kila mmoja kajibanza kwa mwenzake. Lubinza akasikia krr, krr juu ya mti wa Masunga.

"Mwizi! Mwizi!"

Masunga akaruka kijito, panga mkononi. Anamkuta nani chini ya mzinga wake? Shemeji! Ehe, nyie mngefanyaje? Panga likapanda.

"Shemeji, tazama juu kwanza!"

Akatazama. Kichwa kimo mzingani, matako yako nje, yanachezacheza. Panga likashuka taratibu, bila kumgusa mtu.

"Mimi simo," sauti ikatoka ndani ya mzinga. "Nimeona tu."

Walipendana? Thubutu! Mpaka leo Masunga anachunga mzinga wa Lubinza, Lubinza anachunga wa Masunga, na hawaaminiani hata chembe. Lakini asali haiibwi, na Nyamizi anawapakulia wote wawili sahani moja.

Hadithi nimeitungua, masega nimewaachia.
— Tumeyaonja!

Na wewe wa nyuma, hebu fungua mikono tuone.