Nguchiro na Mchezo Usiovunjika

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na simu wakati sisi watu hatukuwa hata na kibatari. Palikuwa na Nguchiro, mdogo, mwepesi, asiyejua kutulia. Alitunga mchezo wa simu uitwao Beba Mzinga. Wachezaji wengi waliingia pamoja, kila mmoja kwa simu yake, wakabeba mzinga mmoja wa nyuki mpaka kileleni.

Jumamosi mchezo ungefunguliwa kwa msitu mzima. Ungekwama siku hiyo, nani angeurudia? Kazi ya miaka mitatu ingepotea.

Jumatano Nguchiro akawaita majirani waujaribu. Akawapikia maharage ya nazi.

"Mzuri, dada!" akasema Pimbi. "Hauna kasoro!"

"Kweli? Hakuna palipokwama?"

"Aa, hamna! Maharage yamebaki?"

Nguchiro akajua hawa wamekula kwake, wanaona haya kumwambia ukweli. Akazunguka meza. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

"Nitampata wapi asiyenionea haya?"

Mara akacheka, kichi kichi! Akakimbia kwa Kifaru na Nyati, wababe waliokuwa wakimdhihaki kila siku.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, kijidudu," akasema Kifaru. "Unahema nini?"

"Nimewaletea mchezo wangu mwonje mapema. Ila msijisumbue kuuvunja. Hauvunjiki."

"Hauvunjiki?" Nyati akapiga kwato chini, ndi! "Mimi nimevunja ukuta wa mawe!"

"Ukuta sawa, mzee. Mchezo wangu hapana."

Akaondoka mbio, asionekane anacheka.

Alhamisi simu ikalia. Kifaru!

"Ha! Nimekimbia kinyumenyume, nikapenya katikati ya mwamba! Mchezo gani huu?"

"Kinyumenyume? Mwamba upi?"

"Ule wa pili, penye mgomba!"

"Ole wangu!" akalia Nguchiro, huku anaandika. Akakaa kwenye kompyuta, akaziba tundu kabla chai yake haijapoa.

Ijumaa Nyati naye akapiga simu. "Nimeingiza ndugu zangu arobaini kwa mpigo. Simu zote zimeganda, kimya!"

"Uuwi! Zimeganda alipoingia wa ngapi?"

"Wa thelathini na moja! Kesho nitakuaibisha mbele ya wote!"

"Nimekwisha, mzee wangu!" Akaandika. Siku hiyo hata kula hakula, akatengeneza, akajaribu, akatengeneza tena.

Jumamosi uwanja ukafurika. Wababe wakaja wanachekelea.

Kifaru akakimbia kinyumenyume. Puu! Mwamba ukamzuia. Nyati akaingiza ndugu themanini. Wote wakaingia, mzinga ukapanda kilima, nyuki wakavuma zzzz, na msitu mzima ukashangilia.

"Lakini jana uliganda!" akanguruma Nyati.

"Uliganda, mzee," akasema Nguchiro. "Na juzi mwamba ulipenyeka. Majirani walinisifu tu. Ni nyinyi mlionionyesha pa kutengeneza. Asanteni sana."

Wanyama wakaangua kicheko. Nyati akamgeukia Kifaru.

"Kumbe siku mbili hizi tulikuwa tunamfanyia kazi?"

"Hebu nyamaza," akasema Kifaru, macho kwenye simu. "Zamu yangu ya kubeba imefika."

Basi wanangu, anayekuonyesha kosa lako amekusaidia, hata kama alikuja kukucheka.