Cheti cha Sarafu ya Bi Mishi

Bwana Shekue, tajiri wa vitu vya kale mjini Mombasa, aliigeuza sarafu ya Bi Mishi, ambayo mwaka wake ulikuwa umegongwa mara mbili kiwandani, kosa adimu linalotafutwa na wakusanyaji, akaguna.

"Mama, bila cheti, hiki ni kipande cha shaba tu. Mpelekee mkaguzi Badi. Ada yake elfu nne."

Bi Mishi alijua kwamba Badi na Shekue walikula sahani moja. Kila muuzaji aliyekwenda kwa Badi alirudi na cheti cha "bandia", kisha Shekue akainunua sarafu yake kwa bei ya karanga.

"Sarafu ya kawaida ingemezwa na ada hiyo, mwanangu," alisema. "Hii huenda ikastahili. Tuandikiane: ada ni juu yako. Badi akisema halisi, utanilipa thamani atakayoitaja."

"Na akisema bandia?"

"Uichukue bure."

Shekue alitia sahihi upesi, huku akikaza midomo asicheke.

Alasiri Bi Mishi alirudi na cheti: halisi, adimu mno, shilingi laki mbili. Shekue akamrukia Badi kwa simu.

"Umerogwa wewe?"

"Si ni yako? Nilidhani unataka kuwauzia wageni!"

Shekue alimgeukia Bi Mishi, macho yamemtoka. "Ulimwambia sarafu ni yangu?"

"Hasha! Hakuniuliza ni ya nani. Aliniuliza ada tu, nikamjibu kwamba unalipa wewe."