Digidigi Aaga Vigingi

Sogeeni karibu, wanangu. Mwenye muwa autafune polepole, maana hadithi hii inataka masikio yote mawili.

Hapo kale sana, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kuamkiana asubuhi kama sisi, palikuwa na pori liitwalo Mwangadu. Lilikuwa limefungamana kwa miiba na vichaka hata jua likiingia ndani lilipotea njia. Humo aliishi Bi Digidigi na mumewe, pamoja na binti yao mchanga ambaye alikuwa bado hajajua kukimbia.

Mnamjua digidigi? Ni mnyama mdogo, miguu kama fito, macho makubwa. Akikohoa jirani hasikii.

Upande wa juu, penye mawe, aliishi Chui. Ujanani Chui aliwinda mwenyewe, tena kwa ustadi, lakini sasa alikuwa amenenepa. Akipanda mti, tawi linalalamika. Kwa hiyo akafuga mbwa. Kila asubuhi aliwafunga kengele shingoni, akakaa barazani kwake na kuwaambia, "Haya, nendeni mkaniletee kitoweo."

Mbwa walishuka, ngele ngele ngele, wakinusa huku na huku. Bi Digidigi akizisikia tu zile kengele, alikata kushoto, akakata kulia, akachomoka upande wa tatu ambao mbwa hawakuufikiria, kisha chwe! amezama kichakani. Mbwa walirudi juu na miiba puani. Siku nyingi Chui alikula maharage.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka alipokuja Kifaru.

Kifaru alitoka upande wa mjini, akiwa na kundi la ngiri wenye mapanga, kamba ndefu ya kupimia, na mzigo wa vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Ngiri wakaanza kazi. Fyeka, fyeka, fyeka. Kichaka kikaanguka, na kingine kikafuata. Kila walipomaliza kipande, walivuta kamba na kupigilia kigingi kila pembe, ko, ko, ko.

Bi Digidigi akatoka kumwamkia. "Shikamoo, mzee Kifaru. Mbona mnatubomolea?"

"Marahaba. Nani huyo?" Kifaru macho yake yalikuwa mabovu, aliinama mpaka pua ikagusa majani. "Ah, ni wewe mdogo. Hapa sasa ni viwanja. Watakuja watu wa maana kujenga nyumba za bati."

"Kwa ruhusa ya nani, mzee?"

"Ya hii," akasema Kifaru, akainua pembe yake.

Huko juu, Chui alikuwa ameona kila kitu. Pori likipungua, mahali pa kujificha napo panapungua, na yeye alikuwa amechoshwa na maharage. Akashuka, akapiga hodi kwenye kambi ya Kifaru.

"Jirani," akasema, "nina shauri. Wewe unataka ardhi iwe tupu, lakini wenyeji wamejazana humo na maneno yao mengi. Mimi nina mbwa. Wewe fyeka, mimi nikimbize. Ardhi yako, nyama yangu."

"Na hao mbwa hawataharibu kazi yangu?"

"Mbwa wangu? Hawagusi kitu ambacho sikuwatuma."

Wakashikana mikono, na Bi Digidigi akawaona toka kichakani. Chui akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Kesho yake tu, mbwa walimkamata Funo, paa mwekundu aliyekuwa jirani wa Bi Digidigi. Masikini Funo alikimbilia kichaka chake cha siku zote, akakuta kisiki na kigingi chekundu. Hapo ndipo walipomfikia.

Jioni hiyo nyumbani kwa Digidigi hakuna aliyegusa chakula.

"Mama watoto, tuhame," mumewe akasema.

"Tuhamie wapi, baba watoto? Kule mtoni waliohama wamejaa, wanagombania kivuli. Na huyu mtoto atavuka vipi uwanja ule mtupu na mbwa wako nyuma?"

"Basi tufanye nini? Mimi nina pembe, lakini unaziona zilivyo. Zinanitosha kujikunia tu."

Bi Digidigi akamfunika mtoto majani. Alikuwa akiwaza juu ya ule mkono wa Chui ndani ya mkono wa Kifaru. Mbwa peke yao aliwaweza. Vigingi peke yake vingemsumbua, lakini visingemla. Kilichokuwa kikiwaua ni urafiki wa wale wawili.

Asubuhi, mbwa walipokwisha kupita na kurudi juu kula, alikwenda tena kwa Kifaru.

"Mzee, nimekuja kuaga. Tunahama."

"Vizuri sana. Una adabu."

"Ila nilitaka kuuliza kitu. Hivi vijiti vyekundu vinapendeza kweli. Ni vya nini?"

Hakuna mtu asiyependa kueleza kazi yake, na Kifaru alijaa kifua. "Hivyo si vijiti. Hivyo ni vigingi. Mnunuzi akija, hatazami majani wala miti. Anatazama kigingi mpaka kigingi, anasema, hapa pangu. Bila kigingi, hiki si kiwanja, ni vumbi tu. Keshokutwa wanunuzi wanakuja. Nyumbu na jamaa zake, na Pundamilia na mkewe."

"Basi, kwa kuwa ndivyo vinavyokaa mahali petu, unaniruhusu niviage?"

"Kuviaga?"

"Kila kimoja kimesimama mahali ninapopajua. Hapa nilizaliwa, pale niliolewa. Niache nilie kidogo, kisha niende zangu."

Kifaru aliona ni ujinga, lakini ujinga usio na madhara. "Lia upendavyo," akasema, akaenda kulala.

Sasa sikilizeni, wanangu. Digidigi ana kidoa cheusi pembeni mwa jicho, na humo hutoka machozi mazito yanayonata kama utomvu. Nguo ikifuliwa huenda ikatakata, lakini harufu ya chozi la digidigi haitoki upesi. Digidigi wenyewe huyapaka kwenye vijiti ili kuambiana, hapa ni kwangu. Na hakuna mbwa wa Chui aliyekuwa haijui harufu hiyo. Waliiota hata usingizini.

Bi Digidigi akakikumbatia kigingi cha kwanza, akaweka shavu lake juu yake, akalia. Akaenda cha pili, akalia. Mumewe akafuata nyuma.

"Na wewe lia," mkewe akamnong'oneza.

"Mbele ya ngiri wote hawa? Mimi mwanamume."

"Mfikirie mwanao."

Mume akamfikiria mwanawe, akamfikiria na Funo, na machozi yakaja yenyewe. Alilia kuliko mkewe, hata ikabidi mkewe amvute kwenye kigingi kingine, maana kile kilikuwa kimekwisha kulowa.

Ngiri mmoja mzee akaweka panga chini. "Kazi gani hii tunafanya jamani," akasema, akaanza naye kupenga kamasi. Wenzake wakamfuata. Kambi nzima ikawa kama msiba.

Kesho yake asubuhi, Chui alikaa barazani kama kawaida. "Leo namtaka Digidigi," akawaambia mbwa. "Miaka yote ananichezea. Chochote chenye harufu ya Digidigi, kileteni hapa. Msirudi mikono mitupu."

Ngele ngele ngele. Mbwa walishuka, wakanusa, wakasimama wameduwaa. Harufu ya Digidigi ilikuwa kila mahali, tena imesimama tu, haikimbii. Hawakuwahi kuona bahati kama hiyo. Kila mmoja akashika chake kwa meno, akavuta, akang'oa. Wakaenda wakirudi, wakaenda wakirudi, mpaka ua wa Chui ukajaa.

Chui akatazama lile lundo. "Nini hiki?"

"Digidigi, mzee," akajibu mkubwa wa mbwa, akihema.

"Hiki ni kijiti."

"Nusa, mzee."

Chui akanusa. Akanusa tena. Kweli, ilikuwa harufu ya Digidigi tupu. Akauma kidogo kuhakikisha. Kilikuwa kijiti.

Mkewe akatoka jikoni. "Kuni nzuri hizi, kavu kabisa. Mume wangu, leo umefanya la maana." Akabeba mzigo, akazisukumiza chini ya sufuria ya maharage.

Kule chini, Kifaru alipoona mashimo, aliwafokea ngiri kwamba hawakupigilia sawasawa. Wakaleta vigingi vingine, wakapigilia upya, ko, ko, ko, mpaka mikono ikawauma. Mara wakamwona Bi Digidigi anakuja na mumewe, macho yameshaanza kulowa.

"Si mliaga jana?" akauliza yule ngiri mzee.

"Jana tuliaga vile. Hivi ni vigeni kwetu, ndugu yangu. Hata kuamkiana bado hatujaamkiana."

"Haki yenu," akasema ngiri, akawapisha.

Na siku ya wanunuzi ikafika. Mbwa walikuwa wametoka mapema, kwa amri ileile ya jana. Kifaru akaja mbele, Nyumbu na jamaa zake nyuma, na Pundamilia akiwa ameshikana mkono na mkewe, wote wamevaa vizuri.

"Hapa," akasema Kifaru, akinyoosha pembe, "kutoka kigingi kile mpaka kile."

"Kipi?" akauliza Nyumbu.

"Kile chekundu."

"Mzee, mimi naona shimo."

Kifaru akainama mpaka pua ikaingia shimoni. Kando yake palikuwa na mburuzo mchangani, na pembeni mwa mburuzo nyayo za mbwa. Mburuzo ulipanda moja kwa moja kwenye mawe. Kifaru akaanza kuufuata, na wanunuzi, kwa kuwa walikuwa wameshavaa na hawakuwa na kazi nyingine, wakamfuata.

Walimkuta Chui amekaa mbele ya sufuria, anasubiri maharage yaive. Chini ya sufuria viliwaka vigingi, rangi nyekundu ikichuruzika, chwi, chwi. Mbwa wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani, mkia juu, kigingi mdomoni.

"Jirani," Kifaru akasema kwa sauti ya chini, "unapikia viwanja vyangu."

"Ngoja nikueleze. Ni Digidigi huyo."

"Digidigi yuko wapi?"

"Ni hivi vijiti. Hivi vijiti ndivyo Digidigi."

Nyumbu akamtazama Pundamilia. Pundamilia akatazama pembeni.

"Nusa mwenyewe," Chui akasihi. "Ana ujanja yule. Amewadanganya mbwa wangu."

Yule ngiri mzee hakuweza kuvumilia. "Yule mama mwenye huruma? Anayelilia hata vigingi vya wenzake? Huna haya, Bwana Chui."

"Uliniambia mbwa wako hawagusi kitu usichowatuma," akasema Kifaru. "Nijibu hapa mbele ya wageni. Uliwatuma, au hukuwatuma?"

Chui akarudi nyuma hatua moja. Maana ukweli ni kwamba aliwatuma.

"Ulitaka ardhi nayo iwe yako," Kifaru akasema, akainamisha kichwa, akachomoka mbio. Puu! Kwa vile haoni vizuri, alimkosa Chui akaligonga ghala lake, na ghala likalala chali. Chui akaruka juu ya mti. Tawi likalalamika, likalalamika, likakatika, na Chui akatua mgongoni mwa Kifaru. Basi wakazunguka ua mzima, mmoja akipiga kelele kwamba ashushwe, mwingine akidhani amevamiwa kwa nyuma. Mbwa walikimbilia jikoni na kengele zao. Sufuria ikapinduka, maharage yote chini.

Mke wa Pundamilia akamgusa mumewe. "Baba, hapa ndipo ulipotaka tulee watoto?"

"Twende zetu," akasema Pundamilia. Nyumbu na jamaa zake walikuwa wameshafika nusu ya mteremko.

Tangu siku hiyo, wanangu, Kifaru aliweka kambi yake upande wa chini wa pori, akaapa kwamba mbwa yeyote wa Chui atakayetia mguu Mwangadu atamjua yeye ni nani. Chui naye akakaa juu ya jiwe lake kutwa nzima, akaapa kwamba hakuna kigingi kitakachopigiliwa tena pale. Kifaru akawa anamlinda Chui asiwinde, Chui akawa anamlinda Kifaru asipime, na wala hawakulipwa na mtu. Ngiri walirudi kwao. Mbwa walifungwa kamba, wakanenepa kama bwana wao.

Kule karibu na barabara ya mjini, palipofyekwa kwanza, pamebaki peupe mpaka leo, na Funo hakurudi. Lakini ndani kwenyewe miti ilichipua, vichaka vikafungamana upya, na asubuhi moja Bi Digidigi akamtoa binti yake nje. "Kata kushoto," akamwambia. Mtoto akakata kushoto. "Kata kulia." Akakata kulia, akajikwaa, akaanguka, akainuka akicheka. Mzee Kifaru akageuza sikio upande wao, akasema, "Chezeni tu, wadogo, nipo hapa."

"Ahsante, mzee," akajibu Bi Digidigi kwa adabu.

Hapo ndipo walipofika, nami hapo ndipo pumzi yangu ilipofika. Mkumbuke neno moja: mnyonge akibanwa na wakubwa wawili, asishindane nao nguvu, atafute kinachowaunganisha na akifungue.