Kwa Nini Barua Hutanguliza Salamu

Ninyi mnaowacheka wazee wakishika simu na kuuliza habari za kila mtu kabla ya kusema shida yao, tulieni kidogo. Jambo hilo lina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe hauchekeshi.

Zamani, karatasi zilipokuwa bado hazijajifunza kusema, neno lilisafiri kwa mdomo wa mtu. Katika nchi ya Ulembe mjumbe alikuwa Shija. Ukimpa ujumbe, aliupokea pamoja na sauti yako, kikohozi chako na kicheko chako, akaufikisha mzima mzima.

Hakuna aliyemngoja Shija kama Nyamizi. Mwanawe wa pekee, Lugendo, alikuwa akichemsha chumvi kwenye chemchemi za mbali, mwendo wa siku nyingi. Shija akifika alivuta kigoda, akasema kwa sauti ya Lugendo, "Mama, shikamoo. Umeamkaje? Goti lako je? Na yule kuku mgomvi, bado yupo?" Nyamizi alifumba macho akajibu swali moja baada ya jingine, kana kwamba mwana yuko pale jikoni. Alimkumbuka mno, wala hakuona haya kusema.

Sasa, watu wa Ulembe walikuwa na desturi moja kali. Kifo hakikutajwa. Mjumbe wa msiba aliingia bila hodi wala salamu, akasema tu, "Fulani msimngoje," akaenda zake. Ndipo mama wa marehemu alipozima moto wake, akachukua kibuyu kitupu, akaenda kuchota udongo wa pale alipozikwa mwanawe.

Shija akazeeka, miguu ikamgomea. Kule kwenye chumvi alikuwa ametokea mtu mwenye kalamu na wino, na watu wakamkimbilia; kipya kinyemi. Lugendo akaanza, "Mama, shikamoo. Goti lako..."

Mwandishi akamkatiza. "Karatasi yenyewe haizidi kiganja! Salamu ni upepo tu. Sema lililokuleta."

Lugendo akaona aibu, akasema lililomleta: kazi ilikuwa nyingi, asingeweza kurudi hadi mavuno.

Msafiri mmoja aliyejua kusoma akaifikisha karatasi kwa Nyamizi. Akaifungua na kusoma: "Lugendo, masika haya msiningoje." Kisha akaikunja.

"Endelea, baba," Nyamizi alisema. "Goti hajaniuliza?"

"Imeishia hapo, mama."

Nyamizi aliichukua ile karatasi, akaigeuza nyuma na mbele kutafuta salamu; haikuwamo. Halafu akamwaga maji mekoni, akachukua kibuyu, akaondoka na goti lake bovu.

Wakati wa mavuno Lugendo alirudi na mzigo wa chumvi. Majirani walimkimbia wakidhani ni mzimu. Mlango ulikuwa umefungwa, na yule kuku alikuwa ametaga mekoni, juu ya majivu yaliyopoa. Alipoelezwa, alitua mzigo palepale akageuka kumfuata mama yake. Alifika hadi kwenye chemchemi, akauliza kila kijiji. Hakuna aliyemwona akipita.

Basi Lugendo akajifunza kuandika kwa mkono wake. Kila msafiri, aendako kokote, alimpa karatasi: "Mama Nyamizi, shikamoo. Umeamkaje? Goti lako je? Mimi ni mzima. Ukiwa hujambo, nami sijambo." Chini yake hakuandika neno jingine, maana hakuwa na neno jingine.

Karatasi hizo zilisomwa viwanjani na visimani, na kila aliyesikia alilia kwa ajili ya mtu wake aliye mbali. Na kila mmoja wao alipotaka kuandikiwa barua, alimwambia mwandishi aanze hivyohivyo.

Na tangu siku hiyo barua hutanguliza salamu, na simu ilipokuja nayo ikafuata nyayo. Ndiyo sababu ujumbe wenu wa neno moja humshtua mama aliye nyumbani, akakaa chini kwanza. Na mgeni akiingia huulizwa watu wa atokako kama hawajambo, kwa kuwa Nyamizi hajafika bado, na huenda kuna aliyemwona.