Mtemi Aliyeikata Nchi Yake

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na mlima na mbuga!

Hapo kale mtemi mmoja alifariki, akaacha watoto wawili, Mwakideu na dada yake Mghoi. Wakagawana nchi, Mwakideu akachagua kwanza. Akatwaa mbuga, mwendo wa siku saba toka mpaka hadi mpaka. Mghoi akaachiwa mlima mdogo, watu wamejaa kama siafu, mapaa ya nyumba yanagusana.

"Dada, nchi yako naivuka kabla uji haujapoa!" Mwakideu akacheka.

Ukaja ukame. Visima vya mbugani vikakauka. Mwakideu akataka watu wachimbe kisima kirefu, akamtuma mjumbe wake, ndege Mbuni, akawaite. Mbuni akakimbia, akakimbia, akakimbia. Watu wa karibu wakafika siku ya pili. Walikuwa wachache mno kuchimba, wakangoja wenzao, chakula kikawaishia, wakarudi kwao. Watu wa mbali wakafika siku ya tisa, hawakumkuta mtu. Akawaita mara ya pili, yakawa yale yale. Mara ya tatu, ng'ombe wakaanza kuanguka.

Mbuni akasema, "Mtemi, miguu yangu ni mizima. Nchi yako ndiyo ndefu."

Mwakideu akapanda mlimani. Akamkuta dada yake ameshika kichwa, anaamua kesi ya majirani walioumana kwa ajili ya mgomba mmoja.

"Dada, nina ardhi, sina watu."

"Kaka, nina watu, sina pa kuwaweka. Nitakupa, lakini hutawatawala wote. Piga ngoma. Sauti yake inapokufa, hapo aanze mtemi mwingine."

Mwakideu akakaa akiitazama mbuga kutwa nzima. Nchi ya baba, aikate vipande? Jioni akasema, kwa sauti ndogo, "Haya, dada. Na washuke."

Wakashuka na watoto, na kuku, na mbegu. Mbuga ikawa nchi kumi na mbili. Mwakideu akabaki na moja.

Asubuhi akapiga ngoma. Jua la utosi halijafika, watu wote wapo! Wakachimba, wakaimba, wakachimba. Siku ya nne maji yakabubujika. Mwakideu akanywa, akalia, akacheka.

Ndiyo maana, wanangu, palipo na watu tele mipaka hukaribiana, na palipo na wachache nchi hunyooka hadi macho yachoke. Utawala si upana wa ardhi. Ni watu wanaoitika.

Ngano imefika ukingoni, nami nimefika nayo. Na wewe uliyejinyoosha mkeka mzima, sogea, wenzako wamekalia mchanga!