Kamera ya Baba Nanyori

Nimeletewa hii leo asubuhi, nami naisukuma kwenu kama ilivyo. Kama una kamera mpya nyumbani, kaa chini kwanza ndipo usome.

Palikuwa na fundi mmoja wa injini za meli, jina lake Aminieli. Kazi ilimweka mbali miezi mingi, na kila aliporudi Tengeru alikuta pazia jipya, jirani mpya na mtoto aliyerefuka. Mtaa mzima ulimwita Baba Nanyori. Asiyemwita baba alikuwa Nanyori mwenyewe, bintiye wa miaka minne. Kwake yeye, kila mwanamume anayekuja na begi kisha akaondoka ni anko.

"Shikamoo, Anko," alimwamkia babaye mlangoni, kisha akakimbilia jikoni.

Jambo hilo lilimuuma Aminieli kuliko alivyokubali kusema. Likizo ile akaapa kwamba haondoki mpaka aitwe baba. Akanunua kamera ndogo ya kufunga kichwani, akatangaza kwamba familia itakwenda Ziwa Duluti kupiga kasia kwenye kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki, na kwamba kila kitu kitarekodiwa.

"Mtoto akiitazama video kila siku," alimwambia mkewe Eliaichi, "atanizoea hata nikiwa baharini."

Wazo halikuwa baya. Tatizo lilikuwa mwenye wazo.

Ziwani, Aminieli alipanda kayaki moja na Nanyori. Nyingine wakapanda Eliaichi na mama yake mzazi, aliyekuja na kilemba kikubwa na kukataa katakata kukivua. Hata hawajaacha ukingo, Aminieli alishakuwa mkurugenzi.

"Nanyori, nitazame. Sema: Baba, ziwa zuri!"

"Anko, naona bata!"

"Hapana. Baba, ziwa zuri."

"Baba Nanyori, mwache mtoto aangalie bata wake," Eliaichi akasema.

"Bata wapo siku zote. Mama, naomba upige kasia huku unatabasamu."

"Nipige kasia au nitabasamu?" mama mkwe akauliza. "Chagua moja, umri wangu unauona."

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Alipotaka kurekodi alibonyeza kitufe cha kamera pale kwenye paji la uso, na alipomaliza alibonyeza tena ili kuokoa betri. Ndege weupe walipita juu yao kundi zima na hakuna aliyeruhusiwa kugeuka kuwatazama, maana wangeharibu pozi.

Mwishowe akataka kuwarekodi wote watatu pamoja. Akamhamishia Nanyori kwenye kayaki ya mama yake, akazima kamera, kisha akasimama aone kama wamekaa vizuri. Fundi wa meli mzima, akasimama kwenye kayaki! Ikambwaga, akaingia majini miguu juu. Jaketi la kujiokolea likamwibua, lakini kamera ilikuwa imechomoka kichwani na inakwenda zake, ikielea kwa kiboya chake. Mtoto akalia, bibi akapiga yowe, na Aminieli akatapatapa huku na huku mpaka akaikamata. Akaibusu. Nasema kweli, aliibusu.

Jumapili watu wakaalikwa. Kwetu video haitazamwi na mtu peke yake. Iwe ya harusi au ya kipaimara, mashemeji wanaitwa, pilau linapikwa, na kila mtu anajitafuta kwenye skrini. Sebule ilijaa, na mama mkwe akapewa kiti cha mbele kabisa.

Aminieli akawasha. Likatokea tumbo lake likigombana na zipu ya jaketi. Kisha ikasikika sauti yake, ya chini chini:

"Huyu mama mkwe anapiga kasia kama anakoroga makande."

Mama mkwe akaweka sahani chini.

Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Siku ile, alipokuwa akijifunga kamera kichwani, kidole chake kilikuwa kimebonyeza kitufe bila yeye kujua. Tangu hapo kila alipodhani anawasha alikuwa anazima, na kila alipodhani anazima alikuwa anawasha. Tabasamu zote alizoziamrisha hazikuwemo. Yaliyokuwemo ni yale aliyodhani hakuna anayeyasikia.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema taratibu, "makande yangu unayala au huyali?"

"Nayala, Mama. Shikamoo, Mama."

Watu walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko picha ilipopinduka. Ikaonekana mbingu, kisha maji, kisha mbingu tena. Ikaja sauti ya mtoto, imejaa hofu:

"Baba! Mama, baba yangu anazama! Baba! Baba yangu!"

Na sauti ya mtu mzima ikajibu: "Hebu nyamazeni huko! Kamera! Kamera iko wapi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Aminieli aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama mkewe. Akarudisha nyuma, akasikiliza. Akarudisha tena. Macho yalikuwa yamemjaa machozi ya furaha na uchungu pamoja.

Akamgeukia Nanyori, aliyekuwa mkekani akitafuna mnofu wa kuku.

"Mwanangu, kumbe uliniita?"

"Nilikuita sana," Nanyori akajibu. "Wewe ukawa unaita kamera."

Aminieli akanyoosha mkono kuichukua rimoti asikilize kwa mara nyingine. Mama mkwe akamwahi, akaitwaa na kuikalia.

"Mkwe wangu," akasema, "mwenye sauti yuko hapo mkekani. Huko kwenye televisheni unamtafuta nani?"

Funzo: Kabla hujahangaika kuitunza sauti ya mtu anayekupenda, kwanza itika anapokuita.